Jinsi ya kukimbia alfajiri Dar bila kudhaniwa mwizi: anza na salamu

Wiki yangu ya kwanza ya kukimbia nilitoka saa 11 kasorobo alfajiri, hudi nyeusi, kofia juu, hedfoni masikioni, kimya kama paka. Nikachomoka kichochoroni huku kwetu Mwananyamala spidi zote, mbele kuna mama anatembea na ndoo ya vitumbua kichwani, mi akili yote ipo kwenye kutafuta pumzi. Nilivyomkaribia kwa nyuma akageuka, ndoo chini, mwiko mkononi (mpaka leo sijui aliutoa wapi), akapiga ukunga mmoja kijiwe chote cha boda kikasimama. Pikipiki kama nne zikawasha taa kunimulika. Kama unaijua Dar unajua hapo kilichobaki ni mtu mmoja tu alitamke lile neno la herufi tano na habari yako imeisha. Nikasimama, mikono juu, kitu cha kwanza kilichonitoka mdomoni ni "shikamoo mama, nafanya mazoezi". Akaniangalia raba, akaniangalia usoni, akateremsha mwiko.

"Marahaba. Sasa si useme!"

Mwongozo wenyewe ndo huo, haya mengine yote ni maelezo. Nimekimbia njia hiyohiyo mwaka wa tatu sasa, Mwananyamala hadi kituo cha Morocco, nakata Oysterbay, natokea ufukwe wa Coco, siku nikiwa na nguvu napanda Daraja la Tanzanite halafu narudi, na nnachokijua nakiandika hapa kwa wale wanaosema "mi nataka kuanza ila naogopa giza" au "naona aibu watu wananiangalia".

Hatua ya 1: andaa usiku

Hudi nyeusi iache nyumbani. Vaa fulana nyeupe au rangi yoyote inayopiga kelele, na kama unatoka kabla ya jua nunua reflekta, zile wanazovaa boda na wafagia barabara, zinauzwa kila mahali. Ina kasoro moja tu, watu watakuchanganya na boda. Mimi kuna mama alinisimamisha pale Makumbusho akaniuliza "boda, Hospitali ya Mwananyamala shilingi ngapi?", nikamwambia mama yangu ningekuwa na pikipiki ningehema hivi? Tukacheka, nikamwitia boda wa kweli, nikaendelea.

Raba ziweke mlangoni, bukta na fulana juu ya kiti, maana alfajiri ukianza kutafuta soksi utarudi kulala. Funguo moja tu usibebe shada zima linalogonga gonga kama mfungwa. Simu ikibidi, iwe ndani ya nguo sio mkononi. Na sarafu mbili tatu za mia tano, sio noti, noti ikilowa jasho unampa mtu anaishika kwa ncha za vidole. Sarafu kazi yake ntaisema mwishoni.

Hatua ya 2: chagua saa, na ujue nani yupo barabarani saa hiyo

Hapa watu wengi wanakosea, wanadhani alfajiri ni moja. Dar jua halichomozi saa ileile mwaka mzima, mwezi wa 11 linatoka kabla kidogo ya saa 12, mwezi wa 7 mpaka saa 12 na nusu hivi bado linajivuta. Kwa hiyo aliyezoea kutoka saa 11 na nusu mwezi wa 11 anakuta kunapambazuka, mwezi wa 7 anatoka kwenye giza totoro na anashangaa kwa nini mbwa wamekuwa wakali. Joto nalo lipo, Januari na Februari ukichelewa mpaka saa 1 na nusu jua linakupiga kama limetumwa, na unyevu huu wa pwani jasho halikauki, linakudondoka tu.

Kabla ya adhana ya Alfajiri barabarani kuna walinzi, walevi wanaorudi, na wezi wachache. Mi sikushauri uwe wa nne. Subiri adhana. Baada ya adhana mtaa unabadilika kabisa, wazee wanaenda msikitini na kanzu, afu wanarudi, mama wa vitumbua na wa chapati wanawasha moto, muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe, wafagiaji wanaingia lamini, konda wa daladala za kwanza wanaanza kupayuka. Ukitoka na kundi hilo uko na watu na kila mtu ana shughuli yake. Saa 12 kamili wanafunzi wanajaa vituoni na hapo usalama ni mkubwa ila njia ni finyu.

Ramadhani ratiba inageuka, watu wameamka kula daku saa 10 usiku kwa hiyo mtaa una taa na sauti mapema kuliko kawaida, ila baada ya swala wanalala tena na panakuwa kimya cha ajabu. Wengi tunaofunga tunahamishia mbio jioni, nusu saa kabla ya futari, polepole, unafika nyumbani tende zipo mezani.

Hatua ya 3: upande wa barabara

Kimbia kulia, magari yakikujia usoni. Huku tunaendesha kushoto kwa hiyo ukikimbia kushoto gari zinakutokea mgongoni na ile ya kwanza asubuhi dereva wake bado anapiga miayo. Njia ya mwendokasi pale Morocco inavutia kweli, imenyooka, tupu, unajiona uko uwanjani, lakini usithubutu, yale mabasi yakija yanakuja kweli. Mitaro isiyo na mifuniko ikariri mchana, usisubiri kuijua na mguu.

Hatua ya 4: salamu yenyewe inavyotolewa

Sasa tufike penyewe. Salamu ya kiswahili haikutengenezwa kwa mtu anayekimbia. Salamu yetu inataka usimame, uulize za nyumbani, za watoto, za kazi, mwenzio naye akurudishie zote, ndo muachane. Wewe unapita na mwendo, una sekunde tatu hadi nne. Inabidi ujue kuipunguza bila kuonekana una dharau.

Nnavyofanya mimi: mtu anayekuja mbele yangu namwangalia tukiwa na hatua kama 15 kati yetu, sio karibu kabisa, maana ukimsalimia mmeshafika bega kwa bega unampa kazi ya kukujibu mgongo. Kwenye hatua ya 10 natoa salamu, sauti ya kutosha, hapo anapata muda wa kujibu na mi nasikia jibu lake nikiwa bado uso kwa uso. Mkono wa kulia unapanda kidogo usawa wa kifua. Hedfoni toa sikio moja, la upande wa watu, hakuna kitu kinaudhi kama mtu anakusalimia afu jibu lako halisikii.

Unayemkuta kwa nyuma ndo kazi. Huyo usimsalimie ukiwa umeshamfikia, utamtoa roho. Anza mbali, hatua 20 hivi, buruza raba kidogo zitoe sauti, kohoa, afu sema "habari za asubuhi, napita kulia kwako". Mimi kwa wazee nasema "hodi mzee, napita", najua hodi ni ya mlangoni ila inafanya kazi vizuri mno, anajibu "karibu" bila hata kugeuka.

Anayeanza ni wewe. Wewe ndo unayekimbia, wewe ndo unayetiliwa mashaka, usisubiri mtu aliyekaa zake na kahawa akuanze.

Hatua ya 5: nani unamwambia nini

Wazee na kina mama watu wazima ni shikamoo, hapo hamna mjadala hata uwe unahema vipi. Ni neno moja, linatoka kwenye pumzi moja, na marahaba inakufikia ukiwa umeshapita hatua mbili. Shida ipo kwa wale wa katikati, mtu wa miaka 45 na wewe una 38, ukimpa shikamoo ananuna anaona umemzeesha, usipompa anaona umekosa adabu. Hapo kimbilia "habari za asubuhi" inakaa kwa wote. Na jiandae na siku yako, mimi mwaka wangu wa kwanza wanafunzi wa sekondari walikuwa wananiambia "mambo", sasa hivi wanasema "shikamoo" kwa kwaya kituo kizima, nikifika nyumbani najiangalia kwenye kioo muda mrefu.

Wanaotoka msikitini ni "asalaam aleikum" hata kama we sio muislamu hamna atakayekukatalia, jibu linakuja refu zito, watu sita kwa pamoja, unajisikia umesukumwa mgongoni.

Wafagia barabara usiwaambie "mambo". Waambie "pole na kazi". Watakujibu "nshapoa" au "asante baba", na siku ya pili fagio litasogezwa pembeni kabla hujafika. Wale wameinama tangu alfajiri, magari yanawapita na vumbi hakuna anayewaona, kuna bibi mmoja pale njia ya Haile Selassie wiki yangu ya tatu alisimama akaegemea fagio akaniambia "we ndo unasalimiaga". Jina hanijui mpaka leo, ananijua kwa hilo.

Walinzi: "habari za lindo?" Hilo neno lindo ndo ufunguo, ukiwaambia hivyo wanajua unajua kazi yao, mtu amekesha na koti kubwa na kirungu anasubiri wa zamu aje. Wengi ni Wamasai, nimejifunza "sopa" na wenyewe wanajibu "epa", nikasema nimeshakuwa mmoja wao, siku moja akaniongezea maneno kama sita hivi nikabaki nachekacheka. Kule Oysterbay kwenye nyumba za mabalozi salimia, endelea, usisimame kufunga kamba ya raba chini ya ukuta wa watu na usitoe simu kupiga picha. Ukikutana na doria, "habari za kazi afande", mikono ionekane, mwendo uleule.

Boda na konda ni "oya, mambo vipi" na hapo utani unaanza, uukubali. Majina utakayopewa yatakuambia umri wa aliyekuita. Wazee wa kijiwe cha kahawa wananiita Bayi, kwa sababu ya Filbert Bayi na ile rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Christchurch 1974. Wababa wa makamo wananiita Ikangaa, wanakumbuka Juma Ikangaa alivyoshinda marathoni ya New York 1989. Vijana wote sasa hivi ni Simbu, tangu Alphonce Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo 2025 kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sehemu tatu za mia za sekunde, yaani kilomita 42 nzima afu kinachowatenganisha ni kope. Boda wa Komakoma kila siku ni "Simbu umechelewa, Mjerumani kashapita!" Jibu langu ni lilelile, "namvizia mwishoni".

Watoto wadogo hawahitaji salamu, wanahitaji mashindano. Wakikuona tu wanaanza mchakamchaka nyuma yako na mabegi yanarukaruka, wape hatua 30, wapigie makofi, ila waambie warudi wasije wakavuka barabara kwa ajili yako.

Wakimbiaji wenzako kidole gumba kinatosha, hasa juu ya Tanzanite. Lile daraja tangu lifunguliwe 2022 limekuwa uwanja wetu, kama kilomita moja juu ya maji, njia ya miguu ipo, jua linakutokea baharini, ila kipindi cha kusi upepo ni mkali salamu yako inapelekwa na maji, utadhani watu wanakununia kumbe hawajakusikia. Pale tumia mkono. Na ukikutana na vikundi vya jogging wikiendi, fulana zinafanana, wanaimba, msafara umejaza njia nzima, usihangaike kusalimia mmoja mmoja, itikia wimbo wao mpaka wapite.

Zanzibar sijakimbia sana, mara nne tano nikienda kwa shemeji, na huko ongeza robo saa kwenye ratiba. Ukisema "sabalkheri" mzee wa barazani anakujibu afu anaanza za nyumbani na huwezi kumuacha katikati.

Hatua ya 6: tumia salamu kupima mwendo

Hii niliigundua kwa bahati. Sina saa ya kisasa inayohesabu mapigo, nina mdomo. Kama unaweza kusema "shikamoo mzee, umeamkaje?" yote, bila kukata, na sauti haitetemeki, uko kwenye mwendo sahihi wa mtu anayejenga mwili. Kama inatoka "shika… moo… mzee" na umeamkaje imebaki kooni, punguza, unakimbia kwa mashindano ambayo hakuna aliyeyaandaa. Na kama unaweza kumaliza salamu, ukaulizia na watoto, na bei ya mafuta, we unatembea bana, ongeza kidogo.

Anayeanza kabisa akimbie dakika mbili atembee moja, mara saba au nane, siku tatu kwa wiki, na zile dakika za kutembea azipange zianguke kwenye watu, hapo unasalimia kwa raha hata pumzi hujaikosa. Nani anajua kama unatembea kwa sababu umechoka au kwa sababu una adabu?

Hatua ya 7: wasiojibu, na wanaotaka stori

Kuna watu hawatajibu. Wengine wana hedfoni, wengine wamefiwa, wengine ndo walivyo. Kuna baba mmoja anatembea na fimbo pale karibu na Coco nilimsalimia kama miezi minne bila jibu, nikajiambia huyu ananichukia, kumbe hasikii vizuri, siku nilipompungia mkono akavua kofia kabisa. Salimia mara moja, usirudie kwa sauti ya juu kama unadai deni, pita.

Wanaotaka stori ni kinyume chake. "Oya njoo kwanza nikuulize." Usikatae kavu. Geuka ukimbie kinyumenyume hatua tatu nne huku unacheka, sema "nikirudi mkuu, mwili umeshapata moto", na ukirudi usimame kweli. Ukimdanganya mara mbili ya tatu anakuambia unaringa. Mlevi naye msalimie, ila huyo usipunguze mwendo kwa sababu yoyote ile, atataka mkimbie wote.

Hatua ya 8: kwa wadada, na kwa sisi wanaume

Hapa nasema nilichoambiwa na dada yangu tunayekimbia naye Jumamosi, sio la kwangu. Kwake salamu ni silaha ya aina nyingine. Anasalimia kina mama wote wa njiani kwanza, wa chapati, wa uji, wa maandazi, anawajua kwa majina ya watoto wao, ili ikitokea mtu anamfuata awe na mahali pa kusimama kila baada ya mita mia mbili. Wanaume anawapa "habari za asubuhi" fupi, kavu, bila kupunguza mwendo, na akijibiwa kwa maneno ya ajabu hajibu. Giza likiwa bado hatoki peke yake. Njia anabadilisha, hapiti saa ileile kila siku.

Sisi wanaume, ukimkuta dada mbele yako kwenye giza usimfukuze nyuma mita kumi unahema kama pasi ya mkaa halafu eti unajiona uko salama kwa sababu we unajijua. Yeye hakujui. Vuka upande wa pili wa barabara mapema, salimia ukiwa huko, mpite, ndo urudi. Na salamu iwe salamu, sio utangulizi wa kuomba namba.

Mbwa: acha kukimbia, tembea, usimkodolee macho, sema na mwenye mbwa au mlinzi wake sio na mbwa. Mbwa hana marahaba.

Kurudi

Kilomita ya mwisho mi siikimbii, natembea, na hapo ndo nalipa madeni yote ya "nikirudi mkuu". Kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata pale kijiweni, wazee washamaliza siasa za jana wameanza za leo, "Bayi, leo umefika wapi?", nawaambia darajani, hawaamini, kila siku hawaamini.

Ikapita mwezi wa nne, masika ilikuwa kali na goti likanisumbua, wiki mbili sikutoka. Nilivyorudi nakuta ndoo ya vitumbua ipo palepale kichochoroni, yule mama anageuza kwenye karai na mwiko ni uleule. Hakusubiri shikamoo. "We mtoto ulikuwa wapi? Nimemuuliza boda, boda hajui, nikasema huyu labda wamemdhania mwizi kwingine." Nikamwonesha goti. Akaniwekea vitumbua vinne kwenye gazeti, nikatoa sarafu zangu mbili, akachukua moja.

Sarafu ndo za hiyo kazi. Mbili zinatosha, ya tatu ni ya kahawa.